Namna ya kubeba dungu la mtini bila kuumia mabega

Kila mahindi yanapoanza kutoa mbelewele huku ukingoni mwa mto Sabaki, watu hunijia na maswali yaleyale. Mabega yanawaka, nifanyeje? Chuma kinagonga njia nzima, nikizimeje? Je, nitoboe fremu nipitishe kamba? Hilo la mwisho jibu lake ni fupi: usitoboe. Mengine yanataka maelezo, nami nimeyaandika hapa yote ili ukiwa na shazia mkononi, ile sindano nene ya kushonea magunia, usihitaji kunitafuta.

Dungu ninalosema si lile la miti minne na makuti ambalo wazee wetu hulisimamisha katikati ya shamba likakaa msimu mzima. Ni lile dogo la chuma au alumini, lenye kiti, jukwaa la kukanyagia, na nguzo ya katikati yenye meno ya kung'ata gome. Hukunjwa, hubebwa, kisha hufungwa kwenye shina kwa mkanda. Huko Marekani hulikalia wawindaji wakimsubiri kulungu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na dungu hili limeshika kazi ambayo jina lake limeijua siku zote, yaani kulinda shamba. Ukiwa juu ya mwembe unawaona nyani wakingali mbali, na usiku unawasikia nguruwe mwitu kabla hawajafika kwenye muhogo. Warina asali hulitumia pia, na vijana wanaopiga picha za ndege pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukitaka kulifunga ndani ya msitu wenyewe, omba ruhusa kwanza kwa Shirika la Misitu.

Huenda ukauliza kwa nini usiliache mtini ukaepuka taabu yote hii. Kwanza, wanunuzi wa vyuma chakavu hawaishi, na chuma kilicholala peke yake shambani hakikai. Pili, hewa yetu ya chumvi hula chuma na huozesha waya. Tatu, mti hunenepa na kupepesuka kwa upepo, kwa hiyo mkanda uliouacha umekazwa miezi mitatu si mkanda wa kuuamini tena. Dungu hurudi nyumbani na mwenyewe.

Tabu ni kwamba liliundwa likaliwe, kubebwa hakukufikiriwa sana. Ya dukani huja na vikanda viwili vyembamba. Ya mafundi wetu wa kuchomelea hayaji na chochote. Langu ni la chuma, na mizani ya mnunuzi wa korosho ilisema kilo 11. Msimu wa kwanza nilililetea kamba ya manila nikatembea nalo kilomita 3 kila jioni na kila alfajiri. Siku ya nne vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, na ganzi ile haikuondoka hadi adhuhuri.

Kilo hizo 11 hutazipunguza. Utazihamisha. Mtazame mama aliyebeba mtoto kwa mbeleko: mtoto yuko juu, amebanwa mgongoni, na nguo imeuzunguka mwili. Mama huyo huchota maji, huchanja kuni, hupanda mlima. Mtoto yuleyule ukimning'iniza begani kwa kamba, hufiki kisimani. Kila hatua iliyo hapa chini inafanya kazi hiyo moja: kulileta dungu karibu na mgongo, kulipandisha, na kuuteremsha uzito kutoka mabegani hadi nyongani.

Utakavyohitaji

Mikanda ya gari kuukuu, ile anayojifunga dereva. Mita 5 zinatosha. Upana wake ni karibu sentimita 5, haukatiki kirahisi, na gereji hukuuzia kwa bei ndogo iliyotolewa kwenye magari yaliyokufa. Ukatae uliochubuka ukingoni.

Mkanda wa kiunoni wa begi la safari la mitumba. Tafuta lile begi kubwa la wapanda milima, hata kama limepasuka. Unataka mkanda wake wa kiuno wenye sponji nene na bizimu ya kubofya. Hiki ndicho kitu cha kutumia pesa. Mengine yote yanaweza kuwa ya kuokota.

Champali (ndala za mpira) kuukuu, jozi tano au sita. Ziokote ufukweni, bahari inazitupa kila siku.

Tyubu mbili za baiskeli zilizochakaa.

Turubai au kitambaa cha hema, nusu mita hivi. Gunia la katani halifai, litakuchoma mgongo ukitoka jasho.

Bizimu mbili za kurekebisha urefu wa mkanda (za begi lolote kuukuu), uzi wa nailoni wa fundi viatu, shazia, kisu kikali, mshumaa, na utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Kama mkono wako hauna mazoea ya shazia, mpelekee fundi viatu ushonaji wote. Mashine yake hupenya mkanda wa gari, ya fundi cherehani aghalabu huvunja sindano.

Hatua za kazi

1. Pima mgongo wako, si dungu.

Inamisha kichwa. Nyuma ya shingo, chini kabisa, kuna kifupa kinachotokeza. Anzia hapo, shuka na utepe kufuata uti wa mgongo hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga, pale mikono inapokaa ukijishika kiuno. Mwambie mtu akupimie, peke yako utakosea. Wangu ni sentimita 47. Andika namba yako. Itakuambia umbali kati ya mikanda ya mabega na mkanda wa kiuno, na ndiyo sababu dungu lililotengenezewa kaka yako mrefu litakuumiza wewe.

2. Kunja dungu, kisha uchague upande wa mgongo.

Upande bapa wa jukwaa ndio ulale mgongoni. Meno na kiti vitazame nje. Wengi hufanya kinyume kwa sababu kiti kinaonekana laini, lakini kiti kinaliweka jukwaa mbali, na chuma kilicho sentimita 20 kutoka mgongoni hukuvuta nyuma kama mtu anayekushika shati. Sasa lilaze juu ya mpini wa jembe na ulisogeze hadi lisimame sawa bila kuinamia upande wowote. Weka alama ya chaki pale. Alama hiyo, ukishalibeba, iwe kati ya makombe ya mabega au chini yake kidogo. Ikishuka hadi kiunoni, mzigo utakuangusha nyuma.

3. Zima kelele kabla ya kushona chochote.

Tikisa dungu lililokunjwa na usikilize. Kila panapogonga, zungusha ukanda wa tyubu uliokatwa kwa mapana ya vidole viwili, ukiuvuta hadi ukaze, na mwisho wake uupenyeze chini ya mzunguko uliotangulia. Usitumie gundi. Gundi hushika maji chini ya mpira na kutu huanzia hapo bila wewe kuiona. Nyaya zinazoshikilia jukwaa usizivike kabisa. Waya uliovikwa plastiki huoza ndani huku nje unang'aa, na lazima uweze kuukagua uzi kwa uzi kila unapotaka kupanda. Nyaya zifunge pamoja kwa kipande cha tyubu unachokitoa ukifika.

Hatua hii huwa watu wanairuka wakisema si ya starehe. Ni ya starehe sana. Chuma kinachogonga ni chuma kinachocheza, na kinachocheza hukusugua kwa kilomita zote 3.

4. Tengeneza mto wa mgongo.

Osha champali kwa maji baridi, zikauke, ng'oa mikanda yake. Sponji ya champali haifyonzi maji kama godoro. Ndizo hizohizo zilizolivika jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018, kwa hiyo jasho lako halitazishinda. Kata vipande vya upana wa sentimita 7. Vipange safu mbili za kusimama, moja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati uache mfereji wa vidole vitatu. Mfereji huo unaokoa uti na unapitisha hewa. Ukiusahau, shati litalowa kabla hujafika kwenye barabara ya lami.

Shona safu hizo ndani ya turubai mithili ya mifuko, kisha ufunge mto kwenye jukwaa kwa vikanda vinne vya kufungua. Usiushone moja kwa moja kwenye chuma. Utataka kuutoa uuoshe, na ukiwa juu ya mti utaukalia.

5. Mikanda ya mabega.

Hapa ndipo makosa yalipojaa, tulia kidogo.

Kata vipande viwili vya mkanda wa gari, kila kimoja sentimita 90. Choma ncha kwa mshumaa zisifumuke. Chini ya kila kipande, kwa urefu wa sentimita 40 za juu, shonea champali iliyokatwa upana wa sentimita 7, iliyovikwa turubai. Mto uwe mpana kuliko mkanda, la sivyo mkanda utakata kama kamba.

Ncha za juu zifunge kwenye fito za jukwaa kwa kitanzi: mkanda unazunguka fito, unarudi juu yake wenyewe sentimita 6, unashonwa. Shona mraba, na ndani ya mraba mistari miwili inayokatana. Mstari mmoja wa uzi hautoshi. Umbali kati ya mikanda miwili pale juu uwe sentimita 8 hadi 10 tu. Watu huifunga kwenye pembe za fremu kwa kuwa pembe zinashikika, kisha wanalalamika mikanda inateleza kutoka mabegani. Lazima iteleze, mabega ya binadamu yanashuka kwa nje.

Kimo chake: zianzie sentimita 4 au 5 chini ya kilele cha bega, si juu yake. Kama hakuna fito pale unapopataka, usitoboe wala usichomelee. Funga fimbo kavu ya mti mgumu, nene kama kidole gumba, kutoka fito hadi fito kwa ukanda wa tyubu uliovutwa mara kumi. Tundu moja kwenye bomba la alumini huanzisha ufa, na bomba hilo ndilo litakaloshika uhai wako ukiwa juu.

Ncha za chini zipite kwenye bizimu za kurekebisha na zifungwe karibu na sehemu ya chini ya jukwaa, mapana ya kiuno chako.

6. Mkanda wa kiuno.

Huu ndio ubebao. Ule wa begi la mitumba ufunge kwenye dungu kwa umbali ule ulioupima hatua ya kwanza, kutoka kimo cha mabega kwenda chini. Ukishajifunga, sponji yake iipande juu mifupa ya nyonga, nusu juu ya mfupa na nusu chini. Ukikaa tumboni utakubana pumzi. Ukikaa chini ya nyonga utakuzuia kuinua mguu. Ukijifunga sawasawa, utaweza kupenyeza kiganja kati ya mkanda wa bega na bega lako, na dungu lisishuke.

Bizimu yake ifunguke kwa mkono mmoja. Usifunge fundo kiunoni, hata mara moja. Huku kwetu viboko hutoka mtoni usiku kula majani, na mtu aliyefungwa kilo 11 za chuma kwa fundo hana mbio. Jizoeze nyumbani ukiwa umefumba macho: bofya, tikisa mabega, mzigo uko chini. Nami nakusihi, njia ya ukingoni mwa mto usiipite usiku hata kama ni fupi.

7. Mkanda wa kifua.

Kipande cha sentimita 25 chenye bizimu, kinachounganisha mikanda ya mabega usawa wa kwapa. Kazi yake kuzuia mikanda isiachane. Usikikaze.

8. Mizigo mingine.

Vidato vya kupandia vifunge ubavuni, nusu kila upande, vimevikwa tyubu. Chupa ya maji na mkanda wa usalama wa mwili vikae kati ya jukwaa na kiti, karibu na mgongo na juu. Tochi iwe mfukoni mwako. Panga ufunge kwenye ala yake, makali yakitazama nje.

9. Namna ya kulivaa.

Usilinyanyue kutoka chini kwa mkono mmoja ukajizungusha. Ndiyo namna mgongo unavyoteguka. Lisimamishe juu ya kisiki au jiwe la kimo cha goti, ligeuzie mgongo, vaa mabega ukiwa umechuchumaa kidogo, simama. Kisha inua mabega juu kama mtu asemaye sijui, funga mkanda wa kiuno, shusha mabega. Sasa ndipo uvute mikanda ya mabega hadi dungu likuguse tu. Kiuno kwanza, mabega baadaye, kifua mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, kazi yote ya hatua ya sita imepotea.

Tembea kwanza hatua 200 uani. Rekebisha. Kisha kilomita moja mchana. Usiku wa kwanza usiwe siku ya kwanza ya kulijaribu.

Ukipanda bodaboda

Usilivae. Jukwaa hukusukuma umlalie dereva, na likinasa kwenye tawi la mkwaju mnaanguka nyote wawili. Lilaze nyuma yako kwenye kariya, kiti kikitazama juu, ulifunge kwa mipira miwili yenye ndoano. Ncha zisitokeze kupita mikono ya usukani. Mto wa mgongo uutoe uukalie, maana mtikisiko wa barabara ya changarawe huusaga kwenye chuma.

Mambo ambayo mikanda hii haifanyi

Mikanda uliyoshona ni ya kubebea dungu. Haifungi dungu mtini, na haikushiki wewe usianguke. Kwa hayo mawili tumia mkanda uliokuja na dungu na mkanda wa usalama wa mwili mzima, ulioufunga kwenye shina tangu miguu inapoondoka ardhini. Kijana mmoja tunayelima naye jirani alikatikiwa na mkanda wa kufungia, akachukua wa bega akafungia mtini. Uzi ulifumuka akiwa amepanda kimo cha mlango tu, akavunjika kifundo cha mkono, na bado namshukuru Mungu kwamba hakuwa amefika juu.

Chagua mti kwa makini vilevile. Mwembe na mkwaju ulio hai na ulionyooka ni mizuri. Mkorosho mara nyingi huinama na matawi yake hupasuka. Mnazi uache: nazi na makuti makavu huanguka bila kubisha hodi.

Likikusumbua

Bega moja linauma, la pili halina neno. Mikanda haikulingana, au vidato vyote viko upande mmoja. Libebe mbele ya mtu akutazame kwa nyuma. Atakuonyesha fremu ilivyopinda.

Vidole vinakufa ganzi. Tua mzigo hapohapo, usisubiri ufike. Mikanda inaubana mshipa wa bega, maana yake kiuno hakibebi. Teremsha mkanda wa kiuno hadi ukae juu ya mfupa, halafu ulegeze mabega. Ganzi ikiendelea siku ya pili bila mzigo, nenda zahanati.

Dungu linakuvuta nyuma ukipanda mlima. Liko chini mno, au kuna kitu kizito kimefungwa upande wa nje. Angalia ile alama ya chaki.

Linagonga kisogoni ukiinama kupita chini ya tawi. Liko juu mno. Shusha sentimita 3 kwa wakati mmoja, si zaidi, hadi kisogo kisalimike.

Mkanda wa kiuno unateleza. Mara nyingi ni jasho kwenye kitambaa cha begi. Shonea ukanda wa tyubu, upande wa nje wa mpira ukigusa shati.

Kelele imerudi. Tyubu hukauka na kupasuka kwa jua letu. Ibadilishe kila msimu, haina gharama.

Mshono unaanza kuacha nyuzi. Usiuzibe kwa kiberiti. Fumua wote, ushone upya.

Mikanda inanuka na imekakamaa. Ni chumvi, yako na ya bahari. Ioshe kwa maji ya kisima na sabuni ya kipande, uianike kivulini. Jua kali hudhoofisha nailoni hata kama macho hayaoni. Ikikauka, itundike juu kwenye boriti, mbali na ukuta. Panya hupenda mkanda wenye jasho, na huutafuna palepale unapokaa begani.